Mwanamke Aliyekalia Upepo

Watu wa Salamabila wakimuona yaya yangu, dada yangu mkubwa Marcelline, anapita na kitunga chake cha muhogo, wanasema kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, maana wanataka asikie: "Ndiye yule. Aliziba pumzi ya bwana yake." Yeye anapita tu. Mimi siwezi. Mimi Régina, mudogo wake, Mungu hakunipa moyo ule. Nimeshagombana sokoni kwa ajili ya maneno hayo, nimeshamwagia mutu mmoja maji ya samaki kichwani, na akitokea mwingine nitamwagia vilevile. Lakini ugomvi haujaeleza kitu kwa mutu yeyote. Na yule ambaye kwa ajili yake nilifungwa mdomo sasa amezikwa, kwa hiyo kaeni niwaeleze.

Sisi ni watoto wa Kasongo, upande wa mashamba ya pamba, ile pamba ya lazima ambayo baba yetu alilima mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Marcelline alisoma kidogo kwa masista, kusoma na kushona na katekisimu, halafu akaolewa na Zéphirin, kijana wa Kabambare aliyefanya kazi kwenye mashimo ya zahabu ya kampani. Akamfuata kambini, hapa Salamabila. Nami nikaenda kukaa nao, kwa sababu yaya hakuwa anapata mimba na nyumba bila kelele ya mutoto ilikuwa inamshinda.

Mama ya Zéphirin alikuwa pale pia, Mama Faida. Huyu mama alizaa watoto wengi na akawazika wote, mwingine surua, mwingine homa, mwingine mto, akabaki na Zéphirin peke yake. Kwa hiyo Zéphirin akikohoa, mama anaamka. Zéphirin akichelewa kurudi, mama iko njiani amesimama, mikono kichwani. Tulimcheka, lakini si sana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na kwa yaya yangu hakuwa mpole hata kidogo: kila mwezi aliangalia tumbo lake, halafu anaangalia pembeni na kusonya.

Zéphirin alikuwa anasukuma vigari vya mawe, na alichoka navyo. Alitaka kazi ya kompresere. Hiyo ni mashine inayobana hewa ndani ya chuma na kuipeleka kwa mabomba hadi kwenye vyuma vya kutoboa mwamba. Mutu wa kompresere hapigiwi kelele na kila kapita, yaani msimamizi, na nyumba yake ni ya matofali. Lakini kampani ilisema: anayetaka kulinda ile mashine ashinde kwanza mutihani wa sheria za hewa. Maana mutu asiyezijua atabana hewa mpaka chuma kipasuke na kumuua yeye na wenzake.

Mwalimu alikuwa moniteur Placide, mutu mwembamba wa misioni, anafundisha Jumapili mchana baada ya misa. Sheria aliisema hivi: hewa ukiibana mpaka ikabaki na nusu ya nafasi yake, inakusukuma kwa nguvu mara mbili. Ukiibana ikabaki na robo, inasukuma mara ine. Zidisha nguvu kwa nafasi, jibu ni lile lile siku zote, mradi joto halibadiliki. Joto likipanda na nafasi iko ile ile, nguvu inapanda pia, ndiyo sababu mupira wa baiskeli ukiuacha juani unapasuka.

Maneno mazuri. Zéphirin aliyaimba njia nzima, lakini hayakumuingia. Alishindwa mutihani mara ya kwanza, akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Waliuliza juu ya mupira uliolala juani, naye akajibu kwamba nguvu haibadiliki, kwa sababu nafasi haibadiliki. Joto alilisahau kabisa.

"Wewe unaimba tu kama kasuku," yaya akamwambia. "Kitu hujakishika kwa mkono, kitakaaje kichwani? Leta pipa."

Basi uani kwetu kukawa shule. Tulijaza pipa maji ya mvua. Yaya alichukua kopo tupu la maziwa, akaligeuza mdomo chini, akalisukuma mpaka mkono wake ukazama begani. Alipolitoa, alitia kidole ndani kutafuta mahali palipolowa. Maji yalikuwa yameingia upana wa ukucha tu.

"Kwa nini hayakujaa?" Zéphirin akauliza.

"Sababu mwenye nyumba iko ndani. Hewa imebanwa, inasukuma. Kadiri unavyozama ndivyo inavyobanwa zaidi, na ndivyo inavyosukuma zaidi."

"Na nikitoboa matako ya kopo?"

"Toboa uone, una mikono."

Akatoboa kwa msumari, akalizamisha tena. Upepo ukatoka juu, fyuuu, ukampiga usoni, na maji yakapanda ndani ya kopo mpaka juu. Zéphirin akaruka kama mutoto. Alirudia, akarudia, maji yakamwagika uani kote. Mama Faida akapita na ungo wake: "Mutu mzima anacheza na maji. Na nyumba hii haina hata mutoto wa kusingizia!" Yaya akachota maji kujaza pipa tena. Alikuwa amezoea.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Iliponyesha siku na siku bila kupumzika, kijito kilicho juu ya shimo walimofanya kazi kilikula ukingo wake. Lile shimo lilikuwa njia inayoingia ndani ya kilima na kushuka, halafu kule chini kabisa lilikuwa na mkono mmoja uliopanda kufuata zahabu, ukaishia kwenye mwamba. Kompresere ilikuwa haijafikishwa pale. Walichimba kwa sururu. Zéphirin na mwenzake Atumani, Muislamu wa Kasongo kama sisi tulivyo wa Kasongo, walikuwa ndani ya ule mkono asubuhi kijito kilipovunja ukuta. Wengine wote walikimbia wakatoka. Maji yakajaa njia mpaka karibu na mlango.

Nani angetegemea kwamba iko mutu hai mule? Tulilia kilio cha msiba. Halafu mutoto wa mutu fulani akaja mbio kutoka juu ya kilima, anasema ardhi inagonga. Tukapanda. Kulikuwa na shimo la zamani la kupimia zahabu, refu kupita mutu, limeota nyasi. Tuliteremka, tukalaza masikio chini. Ko. Ko. Ko. Taratibu, mtu asiye na haraka. Mama Faida akalala kifudifudi pale pale, akabusu udongo.

Muzungu wa kampani alileta pompe ya mota mlangoni. Ikaguna, ikazimika, wakaifungua, wakaifunga, ikawaka. Maji yakaanza kutoka, lakini polepole, na mvua nayo inarudisha. Akamwambia kapita, Abedi, atangaze: watu wote wangoje, na mutu asiende juu kwenye shimo la zamani. Kwa nini? Hakusema. Hivyo ndivyo walivyotuzoeza: amri inakuja, sababu inabaki kwa mwenyewe. Abedi alitangaza kama alivyoambiwa, mikono nyuma. Mutu akauliza, akajibiwa, "Muzungu amesema." Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote.

Sasa niambieni, mama mwenye mutoto mmoja duniani, anamsikia anagonga chini ya miguu yake, atangoja pompe? "Wanataka afe huko ili wasilipe mazishi," Mama Faida akasema. "Mwanangu anakosa pumzi. Mutu akikosa pumzi anafunguliwa dirisha!" Akaanza kukwaruza kwa kucha zake. Wanaume wa ukoo wao waliokuwa kambini walisitasita mwanzoni, wakiogopa fimbo. Walipoona vidole vya mama vinatoka damu, mmoja akaenda kuiba mtalimbo. Mimi na yaya hatukuwapo. Tulikuwa chini mlangoni na ndoo, tunasaidia ile pompe, kwa sababu yaya alisema kila ndoo ni ndoo.

Tulisikia vigelegele kutoka juu. Vigelegele! Yaya akaangusha ndoo, tukapanda tunateleza kwenye matope, mimi nacheka na kulia pamoja. Tukakuta wamepenya. Tundu lilikuwa kama mpini wa jembe kwa unene, na ndani yake ulikuwa unatoka upepo, unapiga mluzi. Upepo wa vuguvugu, una harufu ya udongo na watu. Mama Faida ameinama juu yake, kilemba kimemruka kichwani, machozi yanatiririka na meno yote nje.

"Anapumua!" akaniita. "Régina, njoo usikie, mwanangu anapumua!"

Na watu wote wakaitikia, anapumua, anapumua. Wanawake walishindana kutia uso pale wapate pumzi ya Zéphirin. Na chini kule kugonga kulikuwa kumebadilika: ko-ko-ko-ko-ko, haraka haraka. "Anafurahi," wakasema. "Anatushukuru."

Yaya alitia kiganja juu ya tundu. Alikuwa anacheka alipokitia. Nilimwona kicheko kinaondoka usoni, kidogo kidogo, na midomo inakauka.

"Pumzi ya mutu inatoka na kurudi," akasema. "Hii inatoka tu."

Mutu hakumsikia. Akapaza sauti: "Zibeni! Hii ndiyo hewa inayozuia maji! Imebanwa na maji, na maji yamebanwa nayo. Ikitoka, maji yanapanda! Mama, tafadhali, zibeni, yanapanda sasa hivi!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Walimtazama kama mutu aliyelewa asubuhi. Hapo hakungoja tena. Alifungua kitenge chake cha juu, akakishindilia ndani ya tundu pamoja na udongo wa mfinyanzi, akakaa juu yake kwa uzito wake wote. Mluzi ukakatika.

Ee Mungu wangu, yaliyofuata! Mama Faida alipiga kelele ambayo sitaki kuisikia tena katika maisha yangu. "Anamziba mwanangu mdomo! Tasa huyu, muchawi huyu, anamuua!" Wakamrukia. Walimvuta nywele, walimpiga ngumi mgongoni, mmoja alimkanyaga mkono. Yeye amejikunja juu ya tundu, kucha zimeshika udongo, anasema neno moja tu: "Yanapanda, yanapanda." Mimi niliuma mutu. Ndiyo, nilimuuma mjomba ya Zéphirin sikio, na alama anayo mpaka leo, nampongeza. Lakini tulikuwa wawili na wao walikuwa ukoo mzima, na walimsogeza. Kitenge kikaruka, mluzi ukarudi. Akajitupa tena. Wakamtoa tena. Kila walipomtoa, upepo ulitoka, na kila upepo ulipotoka nililia, maana sasa nami nilielewa. Nililiona lile kopo la uani linavyojaa.

Aliyewazuia ni muzungu mwenyewe. Alipanda na Abedi na polisi wa kampani, akaona tundu, uso wake ukawa kama unga. Hakueleza chochote, hata siku hiyo. Alionyesha kwa kidole: huyu mwanamke abaki alipo, wengine watoke. Polisi wakainua fimbo. Wema wake huo ulimmaliza yaya yangu, kwa sababu tangu saa ile watu walisema: mnaona, ni mutu wa muzungu, wamepatana.

Alikaa. Mvua ilimnyeshea, jua likatoka likamkausha, mvua ikarudi. Nilimshikia jani la mugomba juu ya kichwa. Chini ile sauti ya kugonga ilinyamaza kwa muda ambao sijui kuupima, halafu ikaanza tena, nyonge, ko, halafu kimya, halafu ko. "Anagonga bado," yaya akaniambia, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu akae pale. "Bwana yangu iko muzima, Régina. Anagonga bado." Akawa anamjibu kwa kisigino chake, akimwita kwa majina ya nyumbani ambayo sitawaambia.

Pompe ilishusha maji. Wanaume wakaingia na kamba. Walimtoa Atumani, mguu umevunjika, masikio yanatoka damu, lakini muzima. Halafu wakamtoa Zéphirin, na Zéphirin alikuwa amekufa.

Yaya hakulia. Alienda kwanza kwa Atumani, kwenye nyumba ya wagonjwa ya kambi, nami nikamfuata. Alitaka kujua. Atumani alikuwa hasikii vizuri, tukamsemea sikioni, naye alijibu kwa sauti kubwa kama viziwi wanavyojibu.

"Jiwe lilinivunja mguu, siwezi kusimama. Zéphirin alinipandisha kwenye ubao wa mwamba, juu kabisa, unaotosha mutu mmoja tu, akanifunga kwa mukaba wake. Yeye akasimama chini yangu, ananishika. Maji yalimfika kiunoni, yakasimama. Nilikuwa natetemeka, yeye ananichekesha. Alisema, 'Usiogope, hewa imebanwa, haiwezi kutuacha. Ni ile tuliyoibana ndani ya pipa, mimi na bibi yangu. Leo ningeshinda mutihani.' Tukakaa hivyo. Halafu tukasikia chuma juu yetu."

Akageuzia uso ukutani. Yaya akamwambia, "Sema, ndugu yangu."

"Alipiga kelele: musitoboe! musitoboe! Alichukua jiwe akagonga mwamba kwa haraka haraka, ili mjue kwamba anakataa. Upepo ukaanza kuondoka. Maji yakampita kifua. Yakampita shingo. Alikuwa ananisukuma juu, bado anagonga. Yakampita mdomo. Halafu yakasimama, yakapanda, yakasimama. Yaliposimama kabisa, yalikuwa hapa." Akaweka kiganja chake chini ya kidevu. "Jiwe lilibaki kwenye ubao. Ndilo nililogongea mimi."

Yaya alikaa chini sakafuni. Kule kugonga kote alikokujibu kwa kisigino kulikuwa kwa Atumani. Zéphirin alikuwa amekwisha kufa kabla hata hawajafika polisi.

Basi njooni kwenye matanga. Ukoo umekaa, Mama Faida katikati amepakwa majivu, na mashitaka yanasemwa: huyu mwanamke aliziba pumzi ya mutoto wetu, akafa kwa kukosa hewa. Atumani aliletwa amebebwa kwenye kitanda. Mutu wa haki yule. Alikuja na maumivu yake ili aseme. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nangoja ukweli uwapige wote makofi. Alipofungua mdomo tu, yaya akaenda akapiga magoti karibu na kitanda chake, akaweka mdomo sikioni. Sikusikia alichosema. Niliona Atumani anatikisa kichwa kukataa, na yaya anamshika mikono miwili. Halafu yule mutu akageukia ukoo, akasema huku analia: "Mimi nilizimia. Sikuona kitu."

Walimnyoa yaya, wakamvua nguo za bwana yake, wakamfukuza. Nilimlipukia njiani. Nilimwita mjinga, nilimwita kila jina. "Ungesema! Mutu mmoja alikuwa na ushahidi wako mdomoni, ukamfunga! Wao ndio waliomuua!"

"Nani alianza kuchimba, Régina?"

"Mama Faida! Kwa kucha zake!"

"Ndiyo," akasema. "Sasa wewe unataka nikamwambie?"

Nilipiga teke matope ya njia kwa hasira. Akaendelea kutembea, kichwa kimenyolewa, mvua inaanza tena. "Mimi nimefiwa," akasema. "Yeye akijua, atakuwa ameua. Mutu anaishi na kufiwa. Lile lingine hawezi, mama yule hawezi." Halafu akaniambia kwamba nikilisema lile neno wakati Mama Faida yuko hai, yeye na mimi basi.

Hakuolewa tena. Nani ataoa mwanamke aliyeziba pumzi ya bwana yake? Tulipanga kibanda ukingoni mwa kambi, tukauza muhogo. Mama Faida hakurudi Kabambare. Alisema hawezi kuliacha kaburi. Ukoo ukamchoka, kama ukoo unavyochoka na mzee asiye na mutoto, akabaki peke yake kwenye nyumba inayovuja. Musimu wa mvua uliopita aliugua. Kila asubuhi yaya aliamka akapika uji wa muhogo, mwepesi, na asali kidogo, akaufunika kwa jani la mugomba, akanipa niupeleke. "Sema umepika wewe," ananiambia. "Wa mkono wangu hatakunywa."

Nami niliupeleka, nikasema nimepika mimi. Mama Faida alikunywa mpaka mwisho, akaniombea baraka, akaniambia mimi ni mutoto mwema, halafu akainua uso juu na kumlaani dada yangu, kila asubuhi, mpaka siku aliyokufa.